Usianze kwa Kuhesabu: Namna ya Kusoma Tepe na Nyota za Askari

Miaka kadhaa nyuma nilishika kipaza sauti katika harusi ya kijeshi. Bwana harusi alikuwa luteni, meza ya mbele imejaa maafisa waliovalia sare za sherehe, nami nimepewa kazi ya kuwatambulisha mmoja mmoja kuanzia mkubwa. Orodha ya majina haikuwa imefika. Nikajisemea moyoni: si taabu, nitahesabu alama zao. Mmoja alikuwa na nyota tatu kila bega. Jirani yake alikuwa na kialama kimoja tu. Nikamtanguliza wa nyota tatu kwa mbwembwe zote, na huyu wa kialama kimoja nikamsukuma kule mwisho pamoja na vijana. Ukumbi ukatulia. Mwenye nyota tatu aliinuka, akasimama wima akimtazama mwenye kialama kimoja kama anayeomba ruhusa, na alipopata kibali cha kichwa ndipo akatupungia mkono. Nilikuwa nimemtanguliza kapteni mbele ya meja.

Tangu siku hiyo nimejifunza kwamba kwenye sare ya jeshi hesabu huja mwisho. Kwanza utazame alama ipo wapi mwilini, kisha imeelekea upande gani, kisha ni ya jeshi la nchi gani. Ukishayajua hayo matatu, hesabu sasa. Mwongozo huu unafuata utaratibu huohuo. Utakufaa ukiwa mshereheshaji, mwandishi wa habari, mgeni kambini, au mtu aliyerithi picha ya babu yake na hajui babu alikuwa nani jeshini.

Kwanza: mkono au bega?

Majeshi ya Tanzania, Kenya na Uganda yamerithi mpangilio wa vyeo kutoka Uingereza, na mpangilio huo unagawa watu katika makundi mawili. Jeshi la Wananchi wa Tanzania (JWTZ) lenyewe husema "maafisa na askari". Askari ni yule aliyeingia kama kuruta na kupanda kutoka chini. Afisa ni yule aliyepewa kamisheni; kwa Tanzania, maafisa wanafunzi wanaohitimu Chuo cha Mafunzo ya Kijeshi Monduli hutunukiwa kamisheni na Rais, Amiri Jeshi Mkuu, na huanza na cheo cha Luteni Usu.

Sare huonyesha mgawanyo huo bila maneno. Kwenye sare rasmi, tepe zenye umbo la V hukaa kwenye mkono wa shati au koti, juu ya kiwiko, na ni za askari. Nyota hukaa begani na ni za maafisa. Kwa hiyo ukiona tepe tatu mkononi na nyota moja begani kwa watu wawili tofauti, usijaribu kupambanisha tatu na moja. Mwenye nyota moja ni mkubwa kwa cheo, hata kama ana umri wa miaka ishirini na mitano na mwenye tepe ana mvi.

Tahadhari moja: kwenye kombati za siku hizi alama za wote zinaweza kuhamia begani, au hata katikati ya kifua. Hapo angalia umbo. V ni V popote ilipobandikwa.

Pili: ngazi ya tepe

Askari asiye na alama yoyote yuko mwanzo wa safari. Baada yake ngazi huenda hivi katika JWTZ:

- Tepe moja: Koplo Usu.
- Tepe mbili: Koplo.
- Tepe tatu: Sajenti. Kenya husema Sajini.
- Tepe tatu na nembo juu yake: Sajinitaji.

Neno "usu" hushusha cheo ngazi moja. Koplo Usu yuko chini ya Koplo, kama Luteni Usu alivyo chini ya Luteni.

Kila tepe ina watu nyuma yake. Koplo huongoza seksheni, kundi dogo la askari wapatao kumi. Sajenti ni mkono wa kulia wa luteni katika platuni, yenye askari wapatao thelathini. Luteni akitoa amri, sajenti ndiye anayejua nani ana homa, nani hajasafisha silaha, nani amerudi likizo kachelewa. Tepe hukaa mkononi, mahali panapoonekana kwa wale wanaosimama naye bega kwa bega kwenye mstari.

Polisi hufuata njia hiyohiyo. Koplo wa polisi ana tepe mbili na sajenti ana tatu, Tanzania na Kenya. Ukishaijua ngazi hii umeshaweza kusoma askari wengi utakaokutana nao barabarani.

Tepe pia hupungua. Askari aliyekosa anaweza kuvuliwa cheo, na mtu wa tepe tatu akaamka kesho na mbili au bila hata moja. Kwa sababu hiyo usimwite mtu "sajenti" kwa mazoea ya mwaka jana. Tazama mkono wake wa leo.

Tatu: pale tepe zinapotoweka

Hapa ndipo wengi hupotea. Mtu hudhani askari akizidi kupanda, tepe zitazidi: nne, tano, sita. Sivyo. Zikishafika tatu, hazizidi. Kinachofuata ni nembo juu ya tepe, kisha tepe zenyewe huondoka.

Tuanze na Sajinitaji. Litazame jina hilo: ni sajini mwenye taji. Katika jeshi la Uingereza cheo hiki huvaa tepe tatu na taji la mfalme juu yake. Baada ya uhuru taji liliondolewa na nembo ya nchi ikachukua mahali pake, lakini jina halikubadilika. Hadi leo jeshi la jamhuri lina cheo kinachobeba taji mdomoni na si mkononi.

Juu ya Sajinitaji yuko Afisa Mteule Daraja la Pili, na juu yake Afisa Mteule Daraja la Kwanza. Hawa hawana tepe. Kwa desturi ya sare ya Kiingereza alama yao hushuka chini, karibu na kifundo cha mkono, ikawa nembo moja tu. Ukimwona mtu mzima kwenye gwaride, mkono mtupu juu ya kiwiko, fimbo kwapani, na sauti inayofanya njiwa waruke kwenye paa, angalia kifundo chake. Huyo ndiye anayeogopwa na makuruta kuliko jenerali. Jina lake lina neno "afisa", lakini bado hesabu yake iko upande wa askari, na hata Luteni Usu wa jana ni mkubwa kwake kwa cheo. Luteni mwenye akili, hata hivyo, humsikiliza.

Nne: begani

Kwa maafisa, nyota huhesabika hadi tatu, kisha nembo huingia na hesabu huanza upya.

- Nyota moja: Luteni Usu.
- Nyota mbili: Luteni.
- Nyota tatu: Kapteni.
- Nembo peke yake: Meja.
- Nembo na nyota moja: Luteni Kanali.
- Nembo na nyota mbili: Kanali.
- Nembo na nyota tatu: Brigedia Jenerali. Kenya husema Brigedia.

Ichukulie nembo kama noti na nyota kama sarafu. Sarafu tatu mfukoni hazifikii noti moja. Lau ningejua hilo, harusi ile ingekwenda salama: Kapteni kwa kawaida huwa msaidizi ndani ya kombania yenye askari zaidi ya mia, na Meja ndiye mwenye kombania. Luteni Kanali huongoza batalioni yenye mamia ya watu.

Kwa majenerali, tafuta upanga uliopishana na rungu fupi la amri. Alama hiyo ikiwa na nyota ni Meja Jenerali, ikiwa na nembo ni Luteni Jenerali, ikiwa na vyote viwili ni Jenerali. Jambo moja huwachanganya hata wanahabari: meja ni mkubwa kuliko luteni, lakini Luteni Jenerali ni mkubwa kuliko Meja Jenerali. Likariri hivyohivyo.

Ukiwa mbali na huoni bega, tazama kola. Kwa desturi hiyohiyo ya Kiingereza, vipande vyekundu kwenye kola ya sare rasmi huanza kwa kanali. Ukiviona, jua umefika kwa wakubwa.

Tano: tepe imeelekea wapi?

Tepe za Afrika Mashariki huelekeza ncha chini. Uingereza ilizianzisha rasmi mwaka 1802, ili zichukue nafasi ya mafundo ya uzi ya mabegani ambayo sajenti na koplo walitambulikana nayo. Jina la Kifaransa la umbo hilo linatokana na makombamoyo, zile nguzo mbili za paa zinazokutana kileleni. Ajabu ni kwamba Waingereza waliligeuza paa juu chini.

Wamarekani wanalisimamisha. Tepe za vyeo katika jeshi la nchi kavu la Marekani huelekeza ncha juu. Mbili ni koplo na tatu ni sajenti, na ngazi za juu huongezewa mikunjo ya upinde chini yake. Kwa hiyo ukitazama filamu na kuona ncha juu, usidhani mshonaji amekosea.

Lakini katika jeshi la Uingereza la zamani, ncha juu kwenye mkono wa chini, upande wa kushoto, ilikuwa na maana nyingine kabisa. Ilikuwa tepe ya tabia njema, aliyopewa askari wa kawaida aliyetumikia miaka mingi bila kosa. Unaweza kuona picha ya mwaka 1910 ya mtu mwenye tepe nne za namna hiyo ukamwita sajenti meja, kumbe hakuwa na cheo chochote. Alikuwa tu mtu mtulivu.

Marekani nayo ina mistari ya mshazari kwenye mkono wa chini wa kushoto wa sare ya sherehe: kila mmoja ni miaka mitatu ya utumishi katika jeshi la nchi kavu, au minne katika jeshi la wanamaji. Hiyo ni kalenda. Haisemi lolote kuhusu nani anamwamuru nani.

Sita: mitego ya nchi na maji

Kanuni zote za juu zinafanya kazi ndani ya ukoo wa Kiingereza. Ukitoka nje ya ukoo huo, anza upya.

Nyota za Marekani. Nyota moja kambini Lugalo ni kijana aliyehitimu juzi. Nyota moja kwenye bega la Mmarekani ni jenerali wa brigedi. Kapteni wao hana nyota hata moja. Ana vipande viwili vya fedha vilivyolala sambamba.

Mistari ya Ufaransa. Huko mistari ni ya maafisa. Luteni usu ana mmoja, luteni miwili, kapteni mitatu, meja minne, kanali mitano. Luteni kanali pia ana mitano, ila rangi ya dhahabu na ya fedha hupishana, na kanali ana rangi moja tupu. Nyota ni za majenerali, na huanza na mbili, si moja. Msomaji wa Bukavu au Bujumbura, ambako majina ya vyeo yamepita kwenye Kifaransa, asichukue ngazi ya Monduli akaipachika pale kwake.

Wanamaji. Katika mfumo wa wanamaji wa Uingereza, ulioigwa duniani kote, pete za dhahabu kwenye mkono wa koti ni za maafisa. Pete mbili ni luteni na nne ni kapteni. Kapteni huyo wa majini si mwenzake kapteni wa nchi kavu. Analingana na kanali. Kenya imekwepa utata huo kwa kuwapa maafisa wa majini majina ya nchi kavu, na ndiyo maana Samson Mwathethe, mwanamaji aliyekuwa Mkuu wa Majeshi ya Ulinzi kuanzia 2015 hadi 2020, aliitwa Jenerali na si Admirali.

Marubani wa ndege za abiria waliazima pete hizohizo. Nne ni rubani mkuu, tatu ni msaidizi wake. Si wanajeshi, na huna haja ya kuwapigia saluti.

Saba: utamwitaje?

Ukishindwa kusoma alama, sema "afande". Neno hilo litakuokoa Dar es Salaam, Nairobi na Kampala, na lina historia inayofaa kujulikana.

Mwaka 1889 Hermann Wissmann alipokuja pwani kupigana na Abushiri, kiongozi wa upinzani wa pwani, kwa niaba ya Wajerumani, wengi wa askari wake walikuwa Wasudani walioandikishwa Misri. Walikuja na vyeo vya jeshi la Misri, vyenye asili ya Kituruki: ombasha, shaushi, efendi. Ombasha maana yake ni mkuu wa kumi, na ndiye koplo wa leo na seksheni yake. Shaushi akawa sajenti. Efendi kilikuwa cheo cha juu kabisa alichoweza kukifikia mtu mweusi katika jeshi lile. Ombasha na shaushi wamebaki kwenye kamusi na vinywani mwa wazee. Efendi amekuwa afande, na sasa anaitwa kila saa.

Ukiweza kusoma alama, basi taja cheo. Kwa mazungumzo ya kawaida vyeo hufupishwa kwenda juu: Luteni Usu utamwita "Luteni", Luteni Kanali utamwita "Kanali", na wenye upanga na rungu wote ni "Jenerali". Kwenye barua na kadi ya mwaliko, andika cheo chote bila kukata.

Na jambo la kuzingatia kabla hujatamani: sare hizi si mapambo. Raia kuvaa sare ya jeshi au nguo inayofanana nayo ni kosa, Tanzania na Kenya, na JWTZ limetoa matangazo zaidi ya mara moja kuwataka wenye nguo hizo wazisalimishe. Tepe uliyoinunua mnadani isome, usiivae. Wala usimpige picha askari lindoni ili ukasome cheo chake nyumbani.

Nane: picha ya babu

Sasa tujaribu yote kwa pamoja. Nyumba nyingi za Afrika Mashariki zina picha moja ya mzee wa Keya, yaani King's African Rifles, jeshi la kikoloni lililoundwa mwaka 1902. Kijana kasimama mbele ya pazia la studio, kaptula imepigwa pasi. Mkononi, juu ya kiwiko, kuna V mbili.

Mahali: juu ya kiwiko, basi ni cheo. Mwelekeo: ncha chini, basi si tepe ya tabia njema. Jeshi: la Mwingereza. Idadi: mbili. Babu alikuwa koplo.

Kisha tazama kifua. Utepe mdogo wa rangi ni wa medali, na kila rangi ina maana yake. Picha ni nyeusi na nyeupe, kwa hiyo mwombe bibi afungue kopo la vifungo. Mara nyingi medali iko humo. Nyota ya ncha sita yenye jina la Burma, utepe wake una mstari mpana mwekundu katikati, buluu iliyokolea pande zote mbili, na ndani ya kila buluu uzi wa rangi ya machungwa, ambao ni jua. Babu alikuwa miongoni mwa waliovuka bahari. Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilipigana katika bonde la Kabaw, huko Burma, mwaka 1944. Utepe ukiwa wa rangi ya mchanga, wenye nyekundu katikati, buluu iliyokolea upande mmoja na buluu mpauko upande wa pili, hiyo ni nyota ya Afrika: mchanga ni jangwa, na rangi tatu ni wanamaji, askari wa nchi kavu na wanaanga. Huenda alipigana na Waitaliano huko Ethiopia au Somalia.

Usishangae kwamba hakupanda zaidi ya tepe. Katika Vita vya Pili vya Dunia nyota za begani za Keya zilikuwa za Wazungu. Miaka ya 1950 Waingereza walikirudisha cheo cha efendi kwa Waafrika wachache. Idi Amin alikipata mwaka 1959, na baadaye, akiwa rais wa Uganda, akajipa mwenyewe cheo kilicho juu ya jenerali. Tanganyika ilipopata uhuru mwaka 1961 batalioni zake za Keya zikawa Tanganyika Rifles, na maafisa wengi walikuwa bado Waingereza. Askari walipoasi Januari 1964, moja ya madai yao lilikuwa maafisa hao waondoke. Jeshi hilo likavunjwa, na tarehe 1 Septemba mwaka huo likazaliwa JWTZ. Ndipo njia ya kutoka mkononi hadi begani ikafunguka. David Musuguri wa Butiama aliingia Keya mwaka 1942 kama askari wa kawaida, akaongoza Divisheni ya 20 katika Vita vya Kagera dhidi ya majeshi ya Amin, akawa Mkuu wa Majeshi kuanzia 1980 hadi 1988. Alifariki mwaka 2024 akiwa na miaka 104.

Ukimaliza kusoma picha yako, igeuze. Chukua penseli, maana wino hupenya karatasi ya zamani, uandike nyuma: jina la babu, Koplo, Keya, tepe mbili, na jina la medali kama umeiona. Mjukuu wako naye siku moja ataishika picha hiyo, na bila maandishi yako ataanza kwa kuhesabu.